Macho ya mtoto mwenye korona: tongotongo, wekundu, na homa inayorudi wiki kadhaa baadaye

JichoSafi (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni muuguzi wa macho katika mkoa mmoja wa pwani ya Tanzania. Nimefungua uzi huu kwa sababu kuna swali ambalo wazazi wamekuwa wakituuliza tangu mwaka 2020, na hata sasa ambapo wengi hawaizungumzii tena korona, bado linarudi kila msimu wa mafua unapopamba moto. Mtoto ana homa na kikohozi, mtu mzima wa nyumba hiyo hiyo amepimwa na kukutwa na korona, na asubuhi mtoto ameamka kope zimegandana au macho yamekuwa mekundu. Je, ugonjwa umeingia machoni? Je, uoni wake utaharibika? Mzazi anayeuliza hivyo anahitaji maelezo ya kueleweka, si kutulizwa kwa maneno mazuri tu, kwa hiyo nitaandika kwa urefu na nawaomba mnivumilie.

Korona inaweza kweli kugusa macho. Kirusi hiki hujishikiza kwenye seli za mwili kupitia kipokezi kinachoitwa ACE2, na kipokezi hicho kimeonekana pia kwenye utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho na sehemu ya ndani ya kope, ambao kitaalamu huitwa konjaktiva. Isitoshe, jicho na pua vina njia moja: machozi hushuka puani kupitia kijia chembamba kilichoko kwenye kona ya ndani ya jicho, na ndiyo maana mtu akitiwa dawa ya matone huhisi uchungu wake kooni baada ya muda mfupi. Mtoto mwenye kamasi, anayejifuta pua kwa kiganja kisha akafikicha macho kwa kiganja hicho hicho, anajihamishia vijidudu bila kujua.

Mojawapo ya taarifa za mapema zilizo wazi kuhusu jambo hili ilitoka Wuhan, China. Madaktari walichunguza watoto 216 waliolazwa katika hospitali ya watoto ya mji huo kati ya tarehe 26 Januari na 18 Machi 2020, wote wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo vya maabara kuwa na korona. Watoto 49, sawa na asilimia 22.7, walikuwa na dalili za macho, na kwa 9 kati yao macho ndiyo yaliyotangulia kuonyesha ugonjwa. Asilimia hiyo imenukuliwa sana, na wengi wameielewa kwamba karibu robo ya watoto wenye korona huwa na macho mekundu. Sivyo ilivyo. Kati ya hao 49, watoto 27 walikuwa na tongotongo, 19 walikuwa wakifikicha macho, na wenye wekundu walikuwa 5 tu. Watano kati ya watoto 216 ni kama asilimia 2. Dalili hizo kwa kawaida zilikuwa nyepesi, zikapungua au kuisha, nyingine zenyewe na nyingine kwa dawa kidogo ya matone, na zilionekana zaidi kwa watoto waliokuwa na kikohozi au dalili nyingine za mwili.

Naomba mwikumbuke namba hiyo ya watoto watano, kwa sababu sasa nataka kuzungumzia ugonjwa mwingine unaotokana na korona hiyo hiyo, lakini baada ya korona yenyewe kupita. Madaktari huufupisha kwa herufi MIS-C. Wiki mbili hadi sita baada ya maambukizi, mara nyingi mtoto akiwa ameshapona au hakuwahi kuonekana mgonjwa kabisa, kinga ya mwili wake huwaka kupita kiasi na kuanza kudhuru viungo vingi kwa pamoja: moyo, mishipa ya damu, matumbo, ngozi na macho. Katika taarifa ya Marekani iliyochapishwa Juni 2020, iliyohusu wagonjwa 186 kutoka majimbo 26, macho mekundu yalionekana kwa asilimia 55. Wanne walifariki, na wanne kati ya kila watano walihitaji chumba cha wagonjwa mahututi.

Linganisheni wenyewe: asilimia 2 wakati wa korona ya kawaida, zaidi ya nusu wakati wa MIS-C. Ni kweli kwamba makundi hayo mawili hayafanani kwa kila hali, na kwamba aina za kirusi zilizofuata hazikuwa sawa na ile ya Wuhan, lakini tofauti ni kubwa kiasi cha kutubadilishia swali la kwanza tunalomuuliza mzazi. Sisi katika kliniki yetu hatuanzi tena na «jicho limeanza lini?» Tunaanza na «homa ilianza lini, na kabla ya hapo nani nyumbani aliumwa mafua mazito au korona, na ilikuwa wiki gani?» Mtoto mwenye kamasi, kikohozi na tongotongo leo, anayecheza na kula, hatutii shaka kubwa. Mtoto ambaye mafua yalimwisha mwezi uliopita, kisha homa kali imerudi na kukaa siku tatu bila kushuka vizuri, tumbo linamuuma, anatapika au kuharisha, na macho yote mawili yamekuwa mekundu bila tongotongo, huyo hatumtibu kama mgonjwa wa macho. Huyo anapelekwa hospitali yenye daktari wa watoto siku hiyo hiyo.

Jinsi ya kumwangalia: nawa mikono kwa sabuni na maji tiririka, mketishe mtoto akitazamana na dirisha, kisha vuta taratibu kope ya chini kwa kidole gumba na umwambie atazame juu. Angalia mambo matatu. Kuna tongotongo au usaha, au jicho ni kavu? Ni jicho moja au yote mawili? Na wekundu umekaa wapi: umeenea zaidi kwenye kope na pembeni, au umeenea kwenye weupe wa jicho huku ukiacha ukingo mwembamba wa weupe unaozunguka sehemu nyeusi? Ukingo huo mweupe uliosalia, kwa mtoto mwenye homa ya siku kadhaa, ni alama ambayo madaktari wa watoto wanaifahamu tangu zamani kutokana na ugonjwa wa Kawasaki, yaani homa ya watoto inayoshambulia mishipa ya damu.

Ikiwa kuna kitu cheupe au kijivu kwenye sehemu nyeusi ya jicho, ikiwa mtoto hawezi kabisa kuvumilia mwanga, au anasema haoni vizuri, acheni kuchunguza na mleteni.

MamaWawili

Asante sana, ndugu muuguzi, kwa maelezo haya. Mwanangu wa miaka sita alikuwa na kikohozi na mafua wiki iliyopita, baba yake alipimwa akakutwa na korona, na kwa muda wa siku chache mtoto alikuwa akiamka macho yamegandana kwa tongotongo la njano. Mama mkwe wangu alishauri nimkamulie machoni maziwa yangu, kwa kuwa namnyonyesha mdogo wake, na jirani akanipa chupa ya matone aliyobakiza baada ya kutibiwa yeye. Maziwa niliogopa kuyatumia. Matone nilimtia mara mbili na macho yakapungua wekundu haraka sana. Sasa nasoma uzi huu na nina maswali: je, nimemdhuru? Na kama matone yalifanya kazi, kwa nini nisiendelee nayo?

JichoSafi

Dada yangu, mara mbili si jambo la kukukosesha usingizi, lakini usiendelee nayo, na nakuomba usome maandishi madogo kwenye chupa hiyo. Ukiona neno deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni dawa ya jamii ya steroidi, na ndiyo sababu wekundu ulipungua upesi. Steroidi huzima wekundu bila kuua kirusi wala bakteria. Ikiwa chanzo cha wekundu ni kirusi cha herpesi, ambacho nacho huwapata watoto na mwanzoni hufanana na macho mekundu ya kawaida, matone hayo hukipa nafasi ya kula konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, na kovu linalobaki hapo ni la kudumu. Yakitumiwa kwa muda mrefu hupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho hata kwa mtu mdogo. Tunao watoto waliokuja kwetu wakiwa wamepoteza sehemu ya uoni kwa sababu hiyo. Walikuwa na mzio wa kawaida tu, ule wa macho kuwasha na kuwa na rangi ya kahawia, na familia zao zilinunua matone ya aina hii dukani mwezi baada ya mwezi kwa kuwa yaliwapa nafuu. Jambo hili linaniumiza kuliko korona yenyewe, kwa maana korona haijawapofusha watoto hao. Chupa ndogo iliyouzwa bila cheti cha daktari ndiyo iliyowapofusha.

Kuhusu maziwa ya mama, uliogopa vyema. Maziwa yakikamuliwa na kudondoshwa kwenye jicho lenye maambukizi hayana usafi wa dawa, na bakteria huyapenda. Mama mkwe wako alikusudia mema, na ukimweleza kwa heshima naamini atakuelewa. Vivyo hivyo kwa maji ya majani, mkojo na chai ya rangi: vitu hivi vimeleta vidonda vya konea katika nchi zetu kwa miaka mingi kabla korona haijajulikana.

Kwa tongotongo linaloambatana na mafua au korona, chemsha maji, yaache yapoe, chovya pamba au kitambaa safi, futa kutoka kona ya ndani kwenda ya nje, na kila jicho litumie kipande chake. Kitambaa hicho kisirudiwe kwa mtoto mwingine. Mpe kila mtoto taulo yake. Kama tongotongo ni zito na la njano kama ulivyoeleza, mpeleke zahanati. Mara nyingi watampa dawa ya macho ya tetrasaiklini au matone ya antibayotiki yasiyo na steroidi, kwa kuwa bakteria nao hupata mwanya pale kamasi zinapoziba kijia cha machozi.

Jambo moja la tofauti kabisa: hao wote tunaowazungumzia ni watoto wakubwa kidogo. Mtoto mchanga aliye ndani ya siku 28 za kwanza akitoa usaha machoni, hata kama nyumba nzima ina korona, chukueni kwamba ni maambukizi aliyoyapata wakati wa kuzaliwa hadi hospitali itakapothibitisha vinginevyo. Kisonono kinaweza kutoboa konea ya mtoto mchanga katika muda mfupi sana. Huyo hasubiri kesho.

MuuguziUghaibuni

Nafanya kazi katika wodi ya watoto jijini London na ningependa kuongezea upande wa MIS-C ambao tuliuona huku mapema. Tarehe 27 Aprili 2020 ilisambazwa tahadhari kwa madaktari wa Uingereza kwamba kuna watoto wanaofika wakiwa na homa, maumivu ya tumbo, macho mekundu na moyo unaoshindwa kusukuma damu. Hospitali ya watoto ya Evelina hapa London iliripoti watoto wanane ndani ya siku kumi. Huko Bergamo, Italia, ambako korona ilipiga vibaya sana, madaktari walipokea watoto 10 wenye ugonjwa unaofanana na Kawasaki kati ya tarehe 18 Februari na 20 Aprili, ilhali kwa miaka mitano iliyotangulia walikuwa wamepokea 19 kwa jumla. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, na tarehe 15 Mei Shirika la Afya Duniani likatoa maelezo ya jinsi ya kuutambua ugonjwa huo, yakitaja wazi macho mekundu ya pande zote mbili yasiyo na usaha.

Nimeingia kwenye uzi huu hasa kwa sababu ya asili zetu. Katika wale wanane wa Evelina, sita walikuwa wa asili ya Afrika na Karibiani. Katika hospitali ya Necker jijini Paris, kati ya watoto 21 wa kwanza walioripotiwa, 12 walikuwa na asili ya Afrika, na 17 kati ya 21 walikuwa na macho mekundu. Cape Town nao waliripoti watoto 23 kati ya Juni na Julai 2020. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu ambao watoto wetu hawapati. Na kuna jambo la kivitendo ambalo vitabu vilivyojaa picha za watoto weupe havilisisitizi: vipele na wekundu wa ngozi huonekana kwa shida kwenye ngozi nyeusi. Nimewahi kusimama na daktari mwenye uzoefu mkubwa akisema mtoto hana kipele, na mama yake akasisitiza kwamba ngozi imebadilika. Mama alikuwa sahihi. Weupe wa jicho haubadiliki na rangi ya ngozi kiasi hicho, na kwa watoto wetu jicho linaweza kuwa ushahidi ulio wazi kuliko ngozi.

Tahadhari tu: watoto wengi wa Kiafrika wana rangi ya kahawia ya asili kwenye weupe wa jicho, hasa kuzunguka sehemu nyeusi. Hiyo si ugonjwa. Kwa hiyo tazama sehemu ya chini iliyofichwa na kope, na muulize mama kama macho yalikuwa hivyo tangu zamani.

JichoSafi

Nashukuru sana, dada. Hilo la kahawia ya asili nililisahau, na ni la muhimu kwa sababu wazazi wengi hulileta kama ugonjwa.

Niongeze kuhusu Kawasaki, kwa kuwa imetajwa mara mbili. Daktari Tomisaku Kawasaki wa Japani alichapisha maelezo ya ugonjwa huo mwaka 1967, na alifariki Juni 2020, wiki chache tu baada ya dunia kuanza kuzungumza kila siku juu ya watoto wa korona wanaofanana na wagonjwa wake. Kawasaki huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. MIS-C huwapata zaidi walioanza shule, mara nyingi wenye umri wa miaka minane au tisa hivi, na huathiri tumbo na nguvu za moyo zaidi. Yote mawili hutibiwa kwa kingamwili zinazopitishwa kwenye mshipa, na kwa MIS-C mara nyingi huongezwa steroidi za hospitali. Kwa Kawasaki inajulikana kwamba bila matibabu hadi robo ya watoto hubaki na mishipa ya moyo iliyotanuka, na matibabu yakitolewa ndani ya siku kumi za kwanza hatari hiyo hushuka hadi kama asilimia 4. Macho yao yenyewe hupona, tena mara nyingi bila kutiwa dawa yoyote. Hii ndiyo sababu nasema kwamba kumtia mtoto huyu matone ya macho na kumrudisha nyumbani ni kupoteza siku ambazo moyo wake unazihitaji.

Mdadisi_Ilala

Mkuu, naomba ufafanuzi. Mwanzoni mwa 2024 Dar es Salaam nzima tuliugua macho mekundu, watoto wangu wote watatu pamoja na mimi. Mtaani watu walisema hiyo ni korona mpya imegeuka, na nakumbuka mwaka mmoja kabla yake kulikuwa na habari kutoka India kuhusu korona inayoshika macho ya watoto. Je, ilikuwa ni ile ile?

JichoSafi

Ndugu yangu, ni vyema umeuliza, maana mambo haya mawili yamechanganywa sana. Habari za India unazozikumbuka zilihusu aina ya kirusi cha korona iitwayo XBB.1.16, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya aina za kufuatiliwa kwa karibu tarehe 17 Aprili 2023. Madaktari wa watoto nchini humo walieleza kwamba walikuwa wakiona watoto wadogo wenye homa na macho yanayowasha na kunata, bila usaha. Maelezo yao yalikuwa ya kweli kwa wagonjwa waliowaona, lakini hayakuonyesha kwamba aina hiyo ilikuwa na ukali wa pekee kwa macho, wala watoto hao hawakuwa katika hatari ya kupofuka.

Mlipuko wetu wa Januari 2024, ambao Wizara ya Afya iliutolea taarifa na ambao baadaye ulionekana pia pwani ya Kenya, haukuwa korona. Huo ulikuwa ugonjwa wa virusi vya macho unaoenea kwa mikono, mito, taulo na vishikizo vya milango. Dalili zake zilijieleza: jicho moja huanza, la pili hufuata baada ya siku moja au mbili, macho hutiririka maji na huhisi kama yana mchanga, kope huvimba, na mara nyingi kuna tezi inayouma mbele ya sikio. Homa ni ndogo au haipo kabisa. Korona na MIS-C haziendi hivyo. Milipuko ya aina hii ni ya zamani barani kwetu. Ule wa Ghana wa mwaka 1969 ulienea dunia nzima, na watu wakauita Apollo kwa kuwa uliibuka wakati binadamu walipokuwa wakitua mwezini.

MwalimuWaMsingi

Naomba niseme jambo kuhusu vitakasa mikono, kwa kuwa shuleni kwetu lilitusumbua. Wakati wa korona tuliwekewa kifaa cha kukanyaga kwa mguu mlangoni, na mdomo wake wa kumwagia dawa uliwekwa kwa kipimo cha mtu mzima. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, mdomo huo ulikuwa sawasawa na uso wake. Mtoto mmoja alikanyaga akiwa anachungulia, na dawa ikamrukia jichoni. Alilia sana, jicho likawa jekundu kama damu, na mzazi wake aliamini kwamba mtoto ameambukizwa korona shuleni. Tulimwosha kwa maji mengi na akapelekwa kliniki. Je, jambo hili linajulikana kwa wataalamu?

JichoSafi

Linajulikana, mwalimu, na mlifanya jambo sahihi kumwosha mara moja. Nchini Ufaransa vituo vya sumu viliona kwamba kati ya watoto waliopatwa na kemikali machoni, waliopatwa na kitakasa mikono walikuwa asilimia 1.3 mwaka 2019, na wakawa asilimia 9.9 kati ya Aprili na Agosti 2020. Katika maeneo ya umma yenye vifaa vya kumwagia, hali ilikuwa kama ile uliyoieleza: kifaa kiko kwenye kiuno cha mtu mzima, na hapo ndipo macho ya mtoto mdogo yalipo. Vitakasa hivyo vina alkoholi nyingi, tena vingine ni vizito vya kunata, hivyo dawa hukaa juu ya konea na kuichubua. Baadhi ya watoto walihitaji upasuaji.

Ikitokea, usitafute dawa. Mlaze mtoto, mfungue kope kwa vidole vyako, na umwagie maji safi ya bomba jichoni kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, hata akilia. Kisha mlete. Shuleni sabuni na ndoo ya maji tiririka zinatosha kabisa kwa watoto wadogo.

MzaziWaKivu

Nawasalimia kutoka Goma. Nimesoma yote na ninakubali, lakini naona surua haijatajwa, na kwetu huku hilo ni kosa linaloweza kuua. Mwaka 2019 surua iliua zaidi ya watu 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto wadogo, na ugonjwa ulikuwa bado unaendelea wakati korona ilipoingia mwaka 2020. Mtoto wa surua naye huanza na homa, mafua, kikohozi na macho mekundu yanayotoa maji na kuogopa mwanga, na vipele hutokea siku chache baadaye. Katika mwaka ule kila mtoto wa namna hiyo aliitwa mgonjwa wa korona, na watu waliogopa kwenda hospitali.

JichoSafi

Ndugu yetu wa Goma amesema kweli tupu, na katika Afrika Mashariki na Kati hili lingestahili kukaa juu kabisa ya uzi. Kwa mtoto ambaye hakumaliza chanjo, homa pamoja na macho mekundu ni surua hadi ithibitishwe vinginevyo. Surua hupofusha kwa njia ambayo korona haifanyi: hunyonya akiba ya vitamini A mwilini, konea hukauka na kulainika, na kwa mtoto mwenye utapiamlo inaweza kuyeyuka ndani ya siku chache. Ndiyo maana kila mtoto wa surua hupewa vitamini A kituoni kwa siku mbili mfululizo, uniti 200,000 kila siku kwa aliyefikisha mwaka mmoja, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 50,000 kwa aliye chini ya hapo. Na ikiwa macho yameonyesha dalili za upungufu wa vitamini hiyo, hupewa dozi ya tatu baada ya wiki kadhaa. Hutolewa na wahudumu wa afya, na wazazi wasinunue na kujitolea wenyewe, kwa kuwa ikizidi ni sumu.

Jambo jingine lililonigusa ni hilo la watu kuogopa hospitali. Hata sisi wahudumu tulikuwa na hofu, kwa maana kumchunguza mtoto jicho ni kusogeza uso wako karibu kabisa na wake. Li Wenliang, yule daktari wa Wuhan aliyewatahadharisha wenzake na akafariki Februari 2020, alikuwa daktari wa macho, na alieleza kwamba huenda alimtibu mgonjwa wa presha ya macho ambaye hakuonyesha dalili yoyote ya homa. Mkituona tumevaa barakoa na miwani ya kinga, msidhani kwamba tunawanyanyapaa.

BabuMlezi

Hamjambo wanangu. Mimi nalea wajukuu kijijini, na zahanati yetu haina kipimo cha korona wala mashine ya kutazama moyo. Nikimfikisha mtoto wa homa na macho mekundu, naweza kupewa panadoli na dawa ya malaria nikarudishwa nyumbani. Niseme nini ili nisikilizwe?

JichoSafi

Shikamoo babu. Swali lako ni la maana sana, na nitakujibu kwa yale ambayo mimi mwenyewe ningependa kuambiwa na mlezi anayeingia chumbani kwangu.

Kabla hujaondoka nyumbani, andika kwenye karatasi tarehe ambayo homa ilianza na jinsi ilivyokuwa kila siku. Andika pia ni lini mtoto au mtu yeyote wa nyumba hiyo aliumwa mafua mazito, hata kama hakupimwa. Beba kadi ya kliniki ili waone chanjo ya surua. Ukifika, usianze na macho, kwa sababu ukianza na macho utapewa dawa ya macho. Anza hivi: «Mjukuu wangu ana homa ya siku tatu na zaidi, aliumwa mafua wiki nne zilizopita, anatapika, na macho yote mawili ni mekundu bila tongotongo.» Wampime malaria, hiyo ni haki yake na ni lazima, lakini kipimo kikionyesha hana malaria, au akitumia dawa ya malaria na homa isishuke, omba rufaa kwa maandishi kwenda hospitali yenye daktari wa watoto. Usimpe aspirini nyumbani hata kama umesikia kwamba Kawasaki hutibiwa kwa aspirini. Hiyo hutolewa hospitali kwa kipimo maalumu, na kwa mtoto mwenye maambukizi ya virusi inaweza kudhuru ubongo na ini.

Na mtoto akianza kuwa na mikono na miguu ya baridi huku mwili una moto, akipumua kwa haraka, akilegea au kushindwa kuamka vizuri, usisubiri karatasi ya rufaa. Tafuta bodaboda au gari lolote, mpeleke moja kwa moja hospitali ya wilaya, na uwaeleze hapo mlangoni kwamba unaogopa moyo wake.